Udongo Juu ya Jante za Arusi

Watu wengine wakiliona gari hutazama kwanza ni nani anayeendesha. Mimi hutazama jante. Sijivunii jambo hili. Naweza kuwa nimekaa na wenzangu kando ya barabara, mazungumzo yamenoga, mara gari linapita na vumbi jeusi la breki limeganda katikati ya jante zake. Hapo mazungumzo yananipotea, na mkono wangu unaanza kutafuta kitambaa.

Jante ni ule mduara wa chuma unaovishwa tairi. Kwenye malori yetu ni chuma kizito kilichopakwa rangi, na hakuna anayekijali. Lakini kuna jante za alumini, nyepesi, zinazong'aa, zenye mikono iliyotawanyika kama nyota. Katika miaka ile ya vita, pale Masisi-centre, kulikuwa na gari moja tu lenye jante za namna hiyo nililolijua kwa karibu. Nililijua kuliko nilivyowajua binamu zangu.

Lilikuwa jeep la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha injini na mara nyingine tena likikataa kuwaka. Alikuwa na duka kwetu na duka lingine huko Mubi, ndani kabisa ya Walikale, msituni, kwenye njia ya malori na pikipiki. Mubi alikwenda kwa lori la mizigo, amekaa juu ya magunia kama abiria yeyote. Jeep hakulipeleka. "Ile barabara inakula hata mawe," alisema. "Nitaipa jante zangu?"

Mimi niliosha magari kwa sababu kijito kilipita chini ya nyumba tuliyopanga, na kwa sababu shamba letu lilikuwa upande wa mlima ambao siku hizo haukulimika kila wiki. Siku ukilimika tulipanda maharagwe na viazi. Usipolimika, nilishuka kijitoni na ndoo. Hakuna aliyenifundisha. Madereva walicheka kwanza kumwona msichana ameinama kwenye gurudumu.

"Dada, hiyo haiko nguo ya mutoto!"

"Ningejua ni nguo ya mutoto ningemupa mama yako afue," niliwajibu, halafu nikatumia saa nzima kujiuliza kama nilikuwa nimemtukana mama wa mtu.

Mara ya kwanza yule mfanyabiashara aliponikabidhi jeep, alichuchumaa pamoja nami mbele ya gurudumu, akanionyesha jante kwa kidole bila kuigusa.

"Binti, hizi ziko kama watoto yangu. Utaziogesha kama unaogesha mutoto, haiko kama unaosha viazi. Umesikia?"

Nilisikia mno. Ndiyo shida yangu, kila kitu nakisikia mno. Nilichokijua mimi kuhusu alumini ni sufuria, na kwetu milimani sufuria ni heshima ya nyumba. Inasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona ndani yake, kisha inaanikwa nje, imegeukia njia ili wapita njia waione. Mtu mwingine angechukua majivu na mchanga palepale. Mimi, kwa woga, nilimwomba muda, nikakimbia kwa fundi wa magari, nikaokota nyuma ya kibanda chake kipande cha jante iliyovunjika, nikajaribia juu yake. Mchanga uliikwaruza kama paka. Majivu yenye maji yaliacha doa la kijivu, mfano wa ngozi ya mtu aliyeoga akasahau mafuta. Nilikaa juu ya jiwe kama mtu aliyekoswa na gari.

Baada ya hapo nilijifunza polepole, jambo moja baada ya lingine, mara nyingi kwa kukosea kwenye kile kipande. Kwamba gari likiteremka mlima jante zinakuwa za moto, na ukimwaga maji ya kijito juu yake sabuni inakaukia hapo hapo na kuacha michirizi, kwa hiyo unasubiri mpaka kiganja kikae juu yake bila kulalamika. Kwamba kitambaa cha jante hakipaswi kukutana na kitambaa cha mlango, maana vumbi la breki ni chuma, na chuma kinachora rangi. Kwamba mswaki mzee unaingia kwenye mashimo ya nati kuliko kidole chochote. Na kwamba kazi ya mwisho ni kukausha, kwa sababu tone la maji likiachwa lijikaukie lenyewe linaacha duara dogo jeupe. Watu wote waliniambia hawalioni hilo duara. Niliwaonyesha. Walisema bado hawalioni.

Kuhusu kitu cha kuzilinda jante, hicho kilitoka Walikale. Yule mfanyabiashara aliporudi kutoka Mubi mara moja, aliniletea nta ya nyuki wa msituni, donge la kahawia limefungwa kwenye majani, bado linanuka moshi na asali. Niliilainisha juani, nikapaka utando mwembamba sana kwa kipande cha fulana, nikaacha, nikafuta. Maji yakimwagwa juu yake yalikimbia yenyewe. Siku ile mzee mwenye jeep alilizunguka akiguna, akatoa kofia, akairudisha kichwani. Nilifurahi mpaka nikaona mahali nilipokuwa nimeruka.

Basi dada yangu mkubwa akaposwa.

Mchumba wake alikuwa wa Shasha, kule chini ziwani, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova. Mama yake aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na ukoo wao ulijulikana sokoni kote. Sisi tulikuwa tumekimbia kilima chetu na kupanga vyumba vya watu. Shangazi mmoja wa upande ule alikuwa amesema, na maneno yakapanda mlima mpaka kwetu, kwamba kijana wao anakwenda kuokota mke Lushebere, kambi ya wakimbizi. Hatukuwahi kukaa kambini, na hata tungekaa isingekuwa aibu. Lakini Mama aliyameza maneno yale na yakakaa. Akawa anataka kitu kimoja tu: siku ya arusi mtoto wake asishuke kwenye lori la viazi mbele ya wakwe. Ashuke kwenye gari, gari safi, kama mtoto wa watu.

Dada alikuwa ameuza katika duka la yule mfanyabiashara, na mzee alimpenda. Alikubali kutupeleka mwenyewe, akiwa dereva. Kisha akakohoa.

"Mama, mimi sina neno. Neno liko na bariyeri."

Sote tulijua. Kati ya Masisi na Sake kulikuwa na bariyeri, vizuizi vya askari, siku nyingine hawa, siku nyingine wale, na kitu kizuri kikipita pale kilipata wapenzi. Kulikuwa na gari lililoondoka kwetu na magurudumu manne yanayofanana likarudi na manne yasiyojuana, kila moja na umri wake.

"Kama tutapita na zile jante zinaangaza hivi," mzee alisema, "tutafika Shasha kwa miguu, na bibi-arusi atabeba usukani."

Mama ndiye aliyepata jibu, tena akiwa anapika. Kabla ya kuteleka sufuria kwenye moto wa kuni, wanawake wa kwetu huipaka udongo wa mfinyanzi nje, chini na ubavuni, ili masizi yashike udongo na sufuria ibaki salama. Ukishaosha, udongo unatoka na weusi wake wote. Alikuwa ameshika tonge la udongo mkononi, akalitazama, akanitazama mimi.

"Sasa jante nayo haiwezi kupakwa?"

Nilimkumbatia na udongo wake. Mpango ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nta chini, udongo juu. Jeep lingepita bariyeri zote likiwa na magurudumu ya masikini, halafu kabla ya kufika Shasha tungesimama kwenye kijito, ndoo chache za maji, udongo ungeteleza juu ya nta, na dada yangu angeshuka mbele ya kanisa juu ya nyota zinazowaka. Tulihitaji tu kuwahi. Padiri alikuwa amesema wazi kwamba baada ya misa ya saa nne anaondoka kwenda kwenye misa nyingine mbali, na hatamsubiri mtu, awe na shela au asiwe nayo. Baba na wazee walitangulia siku moja kabla kwa lori la viazi. Baba alisema lori halina ubaya wowote likimbeba baba wa bibi-arusi.

Nilipaka udongo jioni ile. Hapa ni lazima niseme jinsi nilivyo. Mtu mwenye akili angeurusha udongo kwa viganja, fya, fya, akaenda kula. Mimi niliuchuja udongo. Niliondoa vijiwe visije vikakwaruza. Niliupaka kwa unene mmoja kwenye magurudumu yote manne, nikarudi kwenye la kwanza kwa sababu la nne lilikuwa limetoka vizuri zaidi. Na udongo ulipovuka ukagusa tairi, niliufuta, kwa sababu tairi chafu sikuweza kulivumilia. Mwishowe mpaka kati ya udongo na tairi ulikuwa umekatwa kama ukingo wa sahani. Nilisimama nikautazama, nikaona ni kazi nzuri.

Tuliondoka alfajiri. Mzee kwenye usukani, amepiga ishara ya msalaba. Dada nyuma, katikati ya mawimbi ya nguo nyeupe, Mama ubavuni mwake ameshika shela isiburute, na mimi mbele na ndoo katikati ya miguu. Bariyeri ya kwanza askari walikuwa wanaota moto, wakatupungia tupite. Ya pili walimwona bibi-arusi, wakaimba kidogo. Nilianza kupumua. Milima ilikuwa mizuri asubuhi ile, ng'ombe wamesimama kwenye malisho kama wamebandikwa, na barabara ilikuwa kavu, vumbi likiinuka nyuma yetu kama pazia.

Barabara ilikuwa kavu. Wazo hilo lilinifikia tukiwa tayari tumesimama kwenye bariyeri ya tatu.

Komanda wa pale alikuwa mtu mrefu mwenye kandambili na bunduki begani. Hakutazama dada yangu. Aliinama akatazama gurudumu la mbele, akaenda la nyuma, akazunguka jeep lote, akarudi kwenye dirisha langu, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Hapa kwetu haijanyesha tangu mwezi ilipita," alisema. "Nyinyi matope mumeitoa wapi?"

Mzee alisema, "Kule juu, Komanda, kule Masisi kulinyesha kidogo…"

"Kulinyeshea magurudumu tupu?" Alipitisha kidole kwenye mlango, akatuonyesha. Vumbi jeupe, kavu. "Mulango mvua ilisahau?"

Wenzake walianza kusogea, wakicheka. Mmoja alichuchumaa.

"Komanda, kuya uone. Hii matope walipaka na rula."

Komanda alivunja kipande cha udongo kwa ukucha, kikatoka kizima kama ganda la yai. Chini yake jante ilimkonyeza. Jua lilikuwa limeshachomoza, na nta ya Mubi ilifanya kazi yake yote.

"Aaa," alisema. "Kumbe kuna muntu ndani ya blanketi."

Nyuma yangu nilisikia shela ikikunjwa. Nilijua Mama anaona nini: mtoto wake akifika Shasha kwa miguu, au akirudishwa nyumbani juu ya kitu chochote kitakachopita. Mzee alikuwa ameshika usukani kama mtu anayeshikilia mti kwenye mafuriko. Ilikuwa wakati wa mtu mmoja mwenye moyo mtulivu kusema uongo mzuri. Mimi nikafungua mlango nikasema ukweli wote.

Sijui kunyamaza nikiogopa. Nilimwambia ni jante za alumini. Nilimwambia kuhusu wakwe na lori la viazi na Padiri wa saa nne. Nilimwambia udongo ni wa mfinyanzi na nilikuwa nimeuchuja, na kwa nini siyo majivu, maana majivu yanaitia ukungu alumini, na kwamba nta lazima iwe nyembamba, ikiwa nene inashika vumbi, na kwamba asiendelee kubandua udongo kwa ukucha, tafadhali, kwa sababu ukucha una mchanga chini yake. Hapo nilisikia nilichosema, nikafunga mdomo.

Komanda alitazama ukucha wake.

"Nani alikufundisha hii yote?"

"Hakuna, Komanda. Nilijaribu tu."

"Basi utajaribu na pale." Alielekeza kidevu upande wa kibanda. Palikuwa na pikipiki imeegemea ukuta. Nayo ilikuwa na jante za alumini, za mikono mitano, zimefunikwa mafuta ya mnyororo na matope ya miaka. "Ile iking'aa kama hii, mutapita na magurudumu yenu yote. Isipong'aa, tutaangalia mutapita na ngapi."

Mzee alitazama jua. Mimi, Mungu anisamehe, nilitazama ile pikipiki na kusikia furaha.

Nilipewa jerikani ya maji. Sabuni nilikuwa nayo, na mswaki, na fulana. Nilianza kwa gurudumu la nyuma, ambalo lilikuwa baya zaidi. Mafuta ya mnyororo yanataka mafuta mengine kwanza, kwa hiyo niliomba petroli kidogo kwenye kitambaa, nikayalainisha, kisha sabuni. Alumini ilianza kuchungulia. Askari walikusanyika, kila mmoja na ushauri wake.

"Pale chini bado, dada."

"Mwache, anajua."

"Komanda, ukipanda hii tena watu watafikiri uliiiba!"

"Nani atafikiri nini?" alisema Komanda, na yule akakumbuka ana kazi kwenye kamba ya bariyeri.

Ilifika mahali Komanda akainama, akaona uso wake kwenye jante, akashika ndevu. "Inatosha," alisema. "Aksanti, dada. Muende."

"Bado nyuma ya nati," nilisema.

"Nimesema inatosha."

"Kuna weusi kidogo tu, Komanda, nikiuacha utarudi kwenye hii nyeupe yote."

Mzee alipiga honi. Nilisikia honi kama kitu kinachotokea kijiji kingine. Mswaki ulikuwa umepata njia yake, na ule weusi ulikuwa unaondoka, na kwa kweli, katika miaka ile ambayo hakuna kitu kilichomalizika, sikujua jinsi ya kuondoka mbele ya kitu kilichobakiza kidogo tu kumalizika.

Mlango wa jeep ulifungwa kwa kishindo. Askari wakafungua njia. Dada yangu alikuwa anakuja katikati yao, gauni limekusanywa mpaka magotini, viatu vyeupe vumbini, shela inapepea, na Mama nyuma anajaribu kuishika ncha. Alininyang'anya mswaki.

"Leo ni mimi naolewa ao ni hii pikipiki?"

"Bado kidogo…"

"Kama bado kidogo, iolewe kesho!"

Askari walipiga kelele za kushangilia mpaka ng'ombe wakageuka. Dada alimkabidhi Komanda mswaki, kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Papa Komanda, nyuma ya nati utamalizia mwenyewe." Akanishika kiwiko akaniingiza garini. Tulipopita, Komanda alikuwa bado amesimama na mswaki, na nilimwona, naapa, akiinama kutazama nyuma ya nati.

Mzee aliendesha kama mtu aliyesahau kwamba ana jante. Tuliteremka Sake, ardhi ikabadilika kuwa nyeusi ya volkano, tukashika barabara ya ziwani. Kwenye kijito cha mwisho kabla ya Shasha alisimamisha gari, akatazama saa, akafumba macho.

"Binti, wakati hauko. Wakati hauko kabisa. Tutafika hivi hivi."

"Hapana," Mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu bariyeri. "Osha upande mumoja. Muntu anaonaka upande mumoja tu."

Upande mmoja! Nilishuka na ndoo. Upande gani? Sikuwahi kufika kwenye kanisa lile. Nikawaza bibi-arusi atashukia kulia, ndiko alikokaa, basi nikamwagia maji magurudumu ya kulia. Udongo uliteleza kama nilivyouota, vipande vikubwa, jante ikatoka chini yake safi, karibu kavu, inacheka. Fulana mara mbili, tatu. Mzee akawasha. Niliingia nikiwa na ndoo nusu ya maji mapajani, na magurudumu ya kushoto yote mawili yamevaa udongo wake wa rula.

Halafu tukaona kanisa. Lilikuwa upande wa ziwa. Kushoto.

"Mungu wangu," nilisema. "Nimeosha upande wa mulima."

Mbele yetu kulikuwa na watu, nguo za arusi, wanakwaya wamejipanga, na wote walikuwa wanatazama barabara. Mzee alipunguza mwendo. Nilimwona anafikiri. Huyu alikuwa mtu aliyekaa juu ya magunia mpaka Mubi ili jante zake zisiumie, hangekubali zionekane hivi. Aligeuza jeep katikati ya barabara pale tulipokuwa, pua ikatazama tulikotoka, akapiga ishara ya msalaba, akaweka rivasi.

Tuliingia Shasha kinyumenyume.

Tulikwenda polepole, honi ikilia, kichwa cha mzee kimetoka dirishani kinatazama nyuma, na upande wetu wa kulia ukapita mbele ya wanakwaya wote ukiwaka kama sahani mbili za altareni. Baba alikuwa mlangoni mwa kanisa. Baadaye aliniambia alifikiri bariyeri imetufukuza na gari limekataa kugeuka. Lakini vigelegele vilipanda, maana watu waliona jante kwanza, na mtu mmoja akaeleza kwa sauti, kama anayejua, kwamba ndivyo wanavyofanya Butembo, bibi-arusi anafika kinyumenyume ili macho yake yaage kwao mpaka mlangoni. Mzee alisikia. Hakukanusha. Dada alishuka, mguu mweupe, kisha gauni lote, mbele ya wakwe, na Mama akashuka nyuma yake na uso ambao sijawahi kuuona tena. Padiri aliirudisha saa yake ndani ya mkono wa kanzu akasema, "Tuanze."

Sikusikia misa. Nilikaa karibu na mlango nikilinda upande wa kushoto wa jeep, nikimfukuza kwa macho kila aliyekaribia.

Tulipotoka, jua lilikuwa limevuka kwenda upande wa milima. Mpiga picha, mtu wa haraka mwenye kamera shingoni na sauti ya mwalimu, alilitazama jeep, akatazama jua, akapiga makofi.

"Bote upande huu! Mwanga uko huku! Bibi-arusi mbele ya mulango, nyuma tutaona kanisa na ziwa. Haraka, jua haitangoja!"

Upande huu ulikuwa wa kushoto.

Nilimkimbilia. Nilimwomba apige upande wa pili. Alisema upande wa pili nyuso zitakuwa nyeusi kama chungu. Niliomba maji. Aliniambia anayetaka kuosha gari aoshe kesho. Na wakati nikibishana, mama mkwe wa dada yangu, yule muuza sambaza, mwanamke mpana mwenye kitenge cha maua makubwa, alizunguka jeep akasimama mbele ya gurudumu la nyuma. Akainama. Akagusa.

Nilienda mbele yake, na bila shaka nilieleza yote. Bariyeri, udongo, pikipiki, upande wa mulima. Nilisema kosa ni langu, dada yangu na mama yangu hawakujua, na gari kwa kweli ni safi, ni safi chini ya uchafu. Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wachache huweza. Kisha alicheka, tumbo lote na kitenge chote.

"Mwanangu, mimi nilizikaka sufuria zangu mbili mu shamba wakati ile tulikimbia. Mpaka leo sijui ni wapi. Nyinyi angalau munajua jante iko wapi." Akamgeukia Mama, akamshika mkono. "Mulifika na mutoto muzima, na gari nzima, kwa ile njia. Mukwe wangu, mulificha vizuri."

Akageuka akaita kwa sauti ya sokoni. "Bamama! Kuyeni hapa! Bamama ya kitenge kipana!"

Wakaja, shangazi za bwana arusi, na naamini yule wa maneno ya kambi alikuwemo, na akawapanga mwenyewe. Wawili mbele ya gurudumu la nyuma, yeye na Mama mbele ya gurudumu la mbele, viuno vimegusana, vitenge vimetandazwa mpaka chini. Nilipiga magoti na kuvuta pindo moja, halafu jingine, kwa sababu lilikuwa limeacha pengo. Mama mkwe alinipiga kidogo kichwani.

"Weye simama. Wewe pia uko mu picha."

Picha ile iko ukutani kwa Mama. Dada yuko katikati na bwana wake, kanisa nyuma, na kipande cha ziwa kinachowaka. Mama amesimama bega kwa bega na mama wa bwana arusi, na mikono yao imeshikana, ingawa mpiga picha hakuwaambia washikane. Mimi niko pembeni, macho chini. Jante hata moja haionekani. Zile nilizozipaka nta ya Mubi, zile zilizoingia Shasha kinyumenyume, hakuna. Kuna vitenge tu, safu nzima, na maua yake.

Isipokuwa karibu na kiatu cha kushoto cha mama mkwe, kati ya kitenge na ardhi, ambapo pana mstari mwembamba wa udongo, umekatwa sawasawa kama kwa rula. Hakuna mtu aliyewahi kuuona. Kila mgeni anayeingia namwonyesha.